Mchanga wa Garissa, Hasara ya Kipini

Kila mvua kubwa inapopita na maji ya Tana yakarudi mkondoni mwake, mji wa Garissa huwa na kazi mbili: kuhesabu hasara ya mafuriko na kuchota mchanga. Hasara hutangazwa redioni, viongozi huja, mahema na unga hugawanywa. Mchanga hautangazwi. Vijana hushuka mtoni na makoleo yao, malori hupanga foleni, punda huvuta mikokoteni, na kabla ya mvua nyingine kunyesha sehemu ya mto imeshakuwa kuta za nyumba, sakafu za maduka na zege la makalvati.

Nyinyi wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu mtauliza, na mna haki ya kuuliza: mchanga wa Garissa watuhusu nini sisi watu wa Pwani? Garissa si Pwani, kule ni Kaskazini Mashariki, wana gavana wao na mambo yao. Nami nasema watuhusu sana, na kwamba kadiri tunavyouona ni mchanga wa Garissa tu ndivyo tunavyoupoteza ufuo wetu wenyewe.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi Kipini. Ukishapita Garissa, hakuna tena mto wa kudumu unaouongezea maji. Kuna malaga tu, yale makorongo yanayojaa siku chache za mvua kisha yakakauka. Maana yake ni kwamba karibu kila tone linalofika Hola, Garsen, Ngao na Ozi limepita kwanza chini ya daraja la Garissa, na pamoja na maji hayo udongo wa rutuba na mchanga. Delta ya Tana, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, haina duka jingine la kununulia udongo.

Na delta yahitaji kununua kila mwaka. Udongo wake hushuka na kujishindilia kwa uzito wake wenyewe, mawimbi ya kusi hula ufuo, bamvua hupanda mtoni. Mto ukileta mashapo ya kutosha, pengo huzibwa: mafungu ya mchanga hujengeka, mikoko hupata pa kushikia mizizi, ukingo huinuka. Mto ukileta kidogo, bahari ndiyo inayosonga mbele. Watu wa Kipini, Ozi na Kilelengwani hawangoji kuelezwa haya na mtaalamu. Kwa miaka sasa wamelalamika kwamba maji ya chumvi yapanda mtoni na kuingia mashambani, mpunga wafa, miembe yakauka imesimama. Upungufu wa maji ya mto una sehemu yake katika jambo hilo, na kuinuka kwa bahari kuna sehemu yake. Mashapo yana yake pia, ila hayo hayatajwi.

Wenzetu wa Malindi watasema kwao mambo ni kinyume. Ni kweli. Mto Sabaki umewaletea udongo mwingi kutoka bara, bahari hugeuka rangi ya chai kila msimu wa mvua, ufuo umejaa hata baadhi ya majengo yaliyokuwa mbele ya maji sasa yako mbali nayo, na matumbawe ya hifadhi ya baharini yametaabika. Lakini kisa ni kile kile. Ufuo wa Pwani hautengenezwi Pwani. Wanaolima, wanaojenga na wanaochimba mamia ya kilomita ndani ya bara ndio wanaoamua kama ufuo wetu utanenepa au utakonda.

Sasa tuweke lawama mahali pake. Mchukuzi mkubwa wa mchanga wa Tana si kijana wa Garissa mwenye koleo. Ni mabwawa ya juu. Kindaruma lilianza mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme wake umewasha taa zetu, sikatai, lakini maji yakisimama bwawani mchanga hutua chini na kubaki huko huko. Na bado kuna mpango wa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, uliozungumzwa kwa miaka mingi, nalo likijengwa litakuwa juu ya Garissa vile vile. Watafiti waliopima mto huu wameona jambo la kushangaza kidogo: chini ya mabwawa, Tana hujitafutia mashapo mengine kwa kula kingo zake na sakafu yake, ndiyo maana ukifika Garissa maji huwa yamerudi kuwa mazito na mekundu. Yaani mto unaishi kwa akiba. Akiba yenyewe ni mchanga na udongo uliolala mkondoni na kingoni kati ya mabwawa na bahari, na huo ndio unaopakiwa kwenye malori.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wasemao kwamba mchanga ni neema isiyokwisha, ukichota leo mvua italeta mwingine kesho. Huenda maneno hayo yalikuwa na nguvu kabla ya 1968. Leo mvua hazileti kama zilivyokuwa zikileta. Hata lile neno la kiserikali, "uvunaji wa mchanga", hunikera nikilisikia. Anayevuna alipanda. Huu hakuupanda mtu.

Na madhara hayaanzii Kipini, yaanzia pale pale Garissa. Ukichimba shimo mkondoni, maji yanayoingia huongeza kasi kwenye ukingo wa juu wa shimo na kuula, shimo likawa lapanda polepole kuelekea mto unakotoka. Upande wa chini, maji yaliyoacha mchanga wake shimoni hutoka na njaa, yakautafuta mwingine kwenye kingo. Ndiyo maana shamba la ndizi laweza kuporomoka mahali ambapo hakuna aliyechimba, na mwenye shamba asijue wa kumlaumu. Sakafu ya mto ikishuka, mipira ya pampu za wakulima huachwa ikining'inia juu ya maji, na visima vya kando ya mto hushuka pamoja nayo.

Kisha kuna daraja. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro nchini Ureno liliporomoka likiwa na basi na magari, wakafa watu 59. Uchunguzi ulirudi kwenye jambo moja: mchanga uliochimbwa miaka na miaka mtoni humo ulikuwa umeiacha nguzo bila mshiko. Sisemi daraja la Garissa liko hatarini leo. Nasema nguzo yoyote iliyosimama mtoni hutegemea kwamba kilicho chini yake kitabaki, na mwenye lori hana kipimo cha jambo hilo. Tuliona Aprili 2024 barabara ilivyokatika kwa mafuriko pale Kona Punda karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua na mashua ikapinduka, roho zikapotea. Mji usiofikika kwa barabara kwa wiki chache tu ulitosha kutuonyesha thamani ya njia hiyo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo nimeisikia zaidi ya mara moja, na yafaa ijibiwe kwa heshima kwa sababu wanaoisema ni watu waliolala barabarani mafuriko yalipowafukuza majumbani mwao. Wasema mto umejaa mchanga, ndiyo maana wafurika. Ukichotwa, mto utapata nafasi. Ingekuwa hivyo ningeshika koleo mimi mwenyewe. Lakini mafuriko ya Garissa hutoka kwenye mvua za milimani na mabwawa yakishajaa hadi yakamwaga. Shimo la malori mia kadhaa ni tone mbele ya maji hayo, nalo hujazwa kwa wimbi la kwanza. Kinachobaki baada ya mafuriko ni kingo zilizolegea zaidi. Na tusisahau kwamba mafuriko ya kiasi ndiyo riziki ya walio chini: ndiyo yanayojaza maziwa ya delta, Shakababo, Bilisa na Kongolola, wanamovua Wapokomo, ndiyo yanayootesha malisho ambayo Waorma na Wawardei huyakimbilia wakati wa ukame. Mkondo ukizidi kuchimbika, mto wahitaji kuinuka zaidi kabla ya kumwaga maji ziwani. Ziwa laweza kukauka na mto unapita karibu yake.

Mbali na Tana, katika malaga ya Garissa yenyewe, Wajir na Mandera, hesabu ni kali zaidi. Mchanga wa laga ndio tangi la maji. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani yake, jua haliyafikii, na wafugaji huyachimbua miezi baadaye. Mchanga uliojaa maji, karibu thuluthi ya ujazo wake ni maji. Ukiondoa mchanga hadi kwenye mwamba au udongo mgumu umeondoa tangi, na mvua ijayo itapita mbio bila kuacha kitu. Lori moja la mchanga lina bei pale lagani. Maji ambayo mchanga huo ungeyahifadhi mwaka baada ya mwaka hayana bei kwa sababu hakuna aliyeyapima, mpaka siku ya kununua maji ya lori la tangi kwa ajili ya mbuzi.

Niruhusuni niende mbali kidogo, kwani kuna kisa cha ziwa kinachofanana na chetu. Karibu na mji wa New Orleans, Marekani, kuna ziwa la maji ya chumvichumvi liitwalo Pontchartrain, pana sana lakini kina chake kwa wastani hakifiki mita nne. Sakafuni mwake palikuwa na tabaka za makombe ya viumbe wadogo wa jamii ya chaza, yaliyorundikana kwa karne nyingi. Kuanzia mwaka 1933 mashine zilikwangua sakafu ile kutoa makombe kwa ajili ya barabara, saruji na hata chakula cha kuku. Sisi tuliochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea miji yetu hatuwezi kushangaa. Jimbo lilipata mrabaha, watu walipata kazi. Na mtu angeweza kuuliza: haya ni magamba ya viumbe vilivyokwisha kufa, yana faida gani yakikaa huko chini?

Faida yalikuwa nayo. Makombe yalikuwa ndiyo yaliyoifanya sakafu kuwa ngumu. Yalipoondolewa na matope kurudishwa, sakafu ikawa uji, maji yakawa na vumbi lisilotua, nyasi za chini ya maji zikakosa mwanga, na chaza wakubwa walio hai, ambao kazi yao ni kuchuja maji, wakatoweka. Uchimbaji ulikoma mwaka 1990 baada ya wananchi wa kandokando ya ziwa kupiga kelele kwa muda mrefu. Maji yalianza kusafika, na chaza wakubwa wakarudi polepole. Ninachokichukua katika kisa hiki ni kwamba kitu kilichokufa kilikuwa nguzo ya vilivyo hai, na kwamba miaka 57 ya risiti za mrabaha haikumwonyesha mtu yeyote hasara hiyo. (Na si mambo ya Wamarekani peke yao. Uganda, makome ya konokono wa Ziwa Victoria huchanganywa katika chakula cha kuku.)

Kisa cha pili ni kifupi. China ilipopiga marufuku uchimbaji wa mchanga katika mto Yangtze mwaka 2000, mashine hazikuzimwa. Zilihamia Ziwa Poyang, zikachimba njia yake ya kutokea maji hadi ikapanuka na kuzidi kina, na ziwa likawa lakauka kuliko kawaida kila kiangazi. Marufuku ya mahali pamoja huwa ni fursa ya mahali pengine.

Kwetu ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu mto ni mmoja na wenye mihuri ni wengi. Ng'ambo hii ni Garissa, ng'ambo ile ni Tana River, na mpaka wenyewe ni mgogoro wa miaka mingi: wako wasemao ni mto, wako wasemao ni maili tatu mashariki yake. Mpaka ukigombaniwa, kila upande hupenda kuonekana unatoza ushuru, kwani risiti ya ushuru ni ushahidi kwamba ardhi ni yako. Garissa ikikaza sheria, lori huvuka daraja. Tana River ikikaza, lori hurudi. Risiti huhesabu malori yaliyopita kizuizini. Haihesabu kilichobaki mtoni.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya mwaka 1999 chakataza kuchimba au kuvuruga mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini. NEMA ilitoa mwongozo wa kitaifa wa mchanga tangu 2007. Makueni ilikwenda mbele zaidi, ikapitisha sheria yake ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia, baada ya kuona mito yake ikiachwa mifupa. Lakini hata sheria nzuri ya kaunti huishia mpakani mwa kaunti. Mchanga wa Makueni hushuka kuelekea Sabaki, na Makueni haikuwa na haja ya kuiuliza Malindi. Bahati tu kwamba walichokitaka wao hakikutudhuru.

Hivyo basi nashauri nini? Leseni za mchanga wa Tana zitolewe kwa mto mzima. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husimamia maji kwa mabonde, haisimamii kwa kaunti; mchanga uingie humo humo. Ipimwe sakafu ya mto kila kiangazi katika sehemu kadhaa, Balambala, Garissa mjini, Hola, Garsen, na kiwango cha kuchota mwaka ule kitokane na vipimo hivyo. Palipoinuka pachotwe, paliposhuka pafungwe. Kingo na maeneo ya madaraja yasiguswe kabisa. Na matokeo yabandikwe mahali ambapo mpakiaji wa lori na mvuvi wa Ozi wote wanaweza kuyasoma.

Kuhusu wapakiaji wenyewe, naomba tusifanye kile tunachokifanya kila mara, kuwakamata walio chini na kuwaacha wenye malori. Kijana anayepakia mchanga hulipwa kwa lori na humaliza siku akiwa na pesa ya chakula. Anayejenga ghorofa ndiye anayefaidi bei rahisi ya mchanga, na pia mkandarasi wa barabara. Barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa ni ya serikali, na serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa zege katika ukanda huu. Ingeweza kuandika katika kandarasi zake kwamba hailipii mchanga usio na leseni ya mto. Kalamu hiyo moja ingefanya kazi kuliko vizuizi kumi vya askari.

Pwani tuna silaha ambazo bado hatujazitumia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 baada ya kuona kwamba ujenzi wa bandari, pamoja na kuchimba kina cha bahari, uliwaharibia riziki, na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kule shimo lilikuwa mbele ya macho yao, wakalionyesha kwa kidole. Shimo la Kipini liko Garissa, na ni vigumu kulionyesha. Lakini Kifungu cha 70 cha Katiba chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara. Mkulima wa Ozi aweza kuuliza juu ya leseni iliyotolewa Garissa, na hakuna atakayemwambia si kwako huko.

Ningependa tusifike mahakamani. Tana River na Lamu zina bahati ambayo kaunti nyingine za Pwani hazina: zimo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na zimo pia katika baraza la kaunti za mpakani, FCDC, pamoja na Garissa, Wajir na Mandera. Magavana wake huketi meza zote mbili. Tumezoea kusikia huko habari za usalama, mifugo na barabara. Mchanga waweza kuwekwa kwenye ajenda kwa barua ya ukurasa mmoja, na wawakilishi wa wadi za Kipini na Garsen wana uwezo wa kuanza kuiandika wiki hii.

Wasingoje mafuriko, maana mchanga huchotwa zaidi mto ukiwa chini. Na kikao cha kwanza kisifanyike katika hoteli ya Mombasa wala Nairobi. Kifanyike Kipini, siku ya bamvua, wanaopiga mihuri ya leseni wapewe maji ya kunywa kutoka kisima cha kando ya mto.